Mjadala: Je, anayeleta fedha kwenye ngumi za ridhaa apewe pia uongozi wa chama?

Mwanzilishi wa mjadala, Naguru

Ndugu wachangiaji, kuna swali ambalo limekuwa likizungumzwa kwa minong'ono pembezoni mwa ulingo wa Lugogo hapa Kampala, nami naona wakati umefika tulijadili kwa sauti. Je, uongozi wa chama cha ngumi za ridhaa nchini Uganda ukabidhiwe mtu mwenye uwezo wa kuvuta wadhamini na runinga, au ubaki kwa watu waliokulia vilabuni, wanaojua bondia analelewaje tangu siku ya kwanza anapofungwa bandeji mikononi? Kila uchaguzi unapokaribia tunagawanyika makundi mawili kwa swali hili, tukimaliza kupiga kura tunalisahau. Msimamo wangu ni kwamba kubadilisha viongozi bila kubadilisha namna mikataba ya biashara inavyoamuliwa ni kazi bure, na historia ya chama cha dunia chenyewe inatosha kuwa ushahidi.

Chama hicho, AIBA, kiliundwa mwaka 1946 kikiwa chama cha ridhaa hata kwa jina. Anwar Chowdhry wa Pakistan alikiongoza kuanzia 1986 hadi 2006, miaka 20 iliyojaa malalamiko juu ya waamuzi wa upendeleo na hesabu za fedha zisizoeleweka. C. K. Wu wa Taiwan alipomshinda mwaka 2006, alipokewa kwa matumaini makubwa kama mwanamageuzi. Naye akaona kwamba chama hakiwezi kuishi kwa mgao wa Olimpiki pekee, hivyo mwaka 2010 akaanzisha ligi ya timu iliyoitwa World Series of Boxing, ambamo mabondia walipigana kwa malipo, bila fulana na bila kofia za kujikinga. Miaka michache baadaye chama kikaingia chenyewe katika ngumi za kulipwa, na mwaka 2016, wiki chache tu kabla ya michezo ya Rio, milango ya Olimpiki ikafunguliwa kwa mabondia wa kulipwa. Wu alipoondoka Novemba 2017 chama kilikuwa na madeni mazito, likiwemo lile la dola milioni 10 zilizokopwa Azerbaijan kwa ajili ya ligi hiyo.

Mwaka 2020 akachaguliwa Umar Kremlev wa Urusi. Madeni yakalipwa, kampuni ya gesi ya Gazprom ikawa mdhamini mkuu, na zawadi zikapanda hadi bingwa wa dunia wa wanaume huko Tashkent mwaka 2023 akalipwa dola 200,000. Mwezi uliofuata, Juni 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakifutia chama hicho utambuzi, na miongoni mwa sababu zilizokuwa zimetajwa kwa miaka ilikuwa ni kutegemea mno mfuko wa mdhamini mmoja. Marais hao walitofautiana tabia, nchi na maneno, lakini wote walikuwa na uwezo wa kuamua biashara ya chama wakiwa na watu wachache tu karibu yao, na wanachama tukawapokea mmoja baada ya mwingine kwa moyo ule ule wa mgeni njoo mwenyeji apone.

Sasa turudi nyumbani. Uganda ina medali nne za Olimpiki katika ngumi: fedha ya Eridadi Mukwanga na shaba ya Leo Rwabwogo mwaka 1968, fedha ya Rwabwogo mwaka 1972, na fedha ya John Mugabi mwaka 1980. Tangu hapo hatujapata nyingine, na kwenye michezo ya Paris mwaka 2024 hatukuwa na bondia hata mmoja. Sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa, maana hakikuwa. Ninachosema ni kwamba wakati ule jeshi, polisi, magereza na halmashauri ya jiji la Kampala walikuwa na timu, bondia aliajiriwa, akala, akafanya mazoezi, na chama kilikuwa na kazi ya kuandaa mashindano tu. Nguzo hizo zilipodhoofika, mzigo wote ukawaangukia makocha wa mitaani.

Nenda jioni kwenye jimu yoyote ya Naguru au ya Katanga, lile bonde lililo kati ya Mulago na Makerere. Utawaona vijana wakipanga foleni wakisubiri glovu. Mmoja akimaliza raundi zake huzivua zikiwa zimelowa jasho, humvalisha mwenzake, kocha huzifunga kwa utepe kwa sababu kamba zilishakatika, na mazoezi yanaendelea. Kinga ya meno ndiyo pekee ambayo kila mtu anajinunulia, na wengine hawajanunua. Kisha kijana huyo huyo anapelekwa Lugogo kupigana chini ya taa za runinga, nyuma yake kukiwa na bango la mdhamini ambalo gharama yake ingetosha kuvalisha klabu nzima. Fedha zipo, ila zinaanzia ulingoni na kuishia ulingoni, na huyu anayeshiriki glovu na wenzake hajawahi kuona mkataba uliomweka pale.

Naomba hoja za pande zote, na hasa za wale wasiokubaliana nami.

Mchangiaji wa pili, Ntinda

Ndugu mwanzilishi, umeandika kwa uangalifu nami nitajibu hivyo hivyo, kwa kuwa mimi ni mmoja wa watu mnaowaita wafanyabiashara. Nimefanya kazi ya kuandaa mapambano, ya ridhaa na ya kulipwa, na kuna mambo ambayo mtu wa klabu huyaona kama yanajiendesha yenyewe. Usiku mmoja wa ngumi za ridhaa unahitaji ukumbi, ulingo wa kusafirishwa na kufungwa, daktari wa kupima mabondia asubuhi wakati wa kupima uzito na wa kukaa kando ya ulingo hadi pambano la mwisho, gari la wagonjwa, waamuzi, na chakula cha watu wote hao. Hakuna hata kimoja kinachotolewa bure kwa sababu mchezo unaitwa wa ridhaa. Kabla ya ligi yetu ya ridhaa ya pale Lugogo kuonyeshwa kwenye runinga, bondia wa Kampala aliweza kufanya mazoezi mwaka mzima akisubiri mashindano ya wazi, akapoteza pambano la kwanza, na mwaka wake ukaishia hapo. Bondia asiyepanda ulingoni mara kwa mara hakui, hata awe na glovu kumi.

Kuhusu uongozi wa watu wa vilabu, naomba tulitazame jambo hili bila huruma. Kazi isiyo na mshahara hufanywa na mwenye kipato cha kando, au na mwenye kutarajia kitu: safari ya nje kama meneja wa timu, nafasi ya siasa, jina. Mfanyabiashara anatarajia faida na anasema hivyo hadharani, ninyi mnamwona mbaya; kiongozi wa kujitolea anatarajia pia, lakini hasemi. Na mabondia wetu wazuri wanaishia wapi wakati sisi tunalinda usafi wa ridhaa? Wanalinda milango ya vilabu vya usiku, au wanakwenda kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, huko Uarabuni kushika bunduki kwenye maghala ya watu.

Umeleta mfano wa chama cha dunia, nami naukubali, lakini umeuacha nusu. Mwaka 2022 mpinzani wa Kremlev, Boris van der Vorst wa Uholanzi, alizuiwa kugombea. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaamua kwamba hakustahili kuzuiwa. Wajumbe wakaitwa Yerevan mwezi Septemba kuamua kama uchaguzi urudiwe, na wengi wao wakapiga kura kwamba usirudiwe. Hao hawakuwa wafanyabiashara. Walikuwa wajumbe wa vyama vya kitaifa, watu wa ngumi kabisa. Ikiwa dawa yako ni kupeleka kila mkataba mbele ya mkutano mkuu, basi ujue mkutano mkuu nao una bei yake, hasa kwetu ambako vilabu vya mfukoni huzaliwa miezi michache kabla ya uchaguzi na kufa matokeo yakishatangazwa.

Mchangiaji wa tatu, mwanajeshi mstaafu na kocha, Gulu

Nyote wawili mnaongea Kampala. Ligi ya Lugogo, iwe nzuri au mbaya, haijawahi kuwa yetu. Bondia wangu akitaka pambano hupanda basi usiku, hupimwa uzito asubuhi akiwa hajalala, halafu mnasema tumeshindwa. Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, inaangalia pia chama kimeenea kiasi gani nchini kabla ya kukipa hadhi ya kitaifa, kwa hiyo nawauliza: mkataba wa runinga unawezaje kuwa wa kitaifa kama mapambano yote yako ndani ya mwendo wa bodaboda kutoka Jinja Road?

Jambo la pili. Mashindano ya ridhaa huamuliwa kwa kura ya kupangiwa mpinzani. Unachota karatasi, unapewa uliyepewa, na hata mtoto wa kijijini anaweza kukutana na bingwa na kumwangusha. Ngumi zinapoandaliwa kwa ajili ya watazamaji, kuna mtu anayekaa mezani na kuchagua nani apigane na nani. Anawachagua wanaojulikana. Wa kilo 48 na wasichana huwekwa mwanzo, ukumbi ukiwa bado mtupu. Mimi sikatai fedha, nakataa mtu huyo wa mezani awe ndiye rais wa chama.

Mwanzilishi wa mjadala

Afande, nakushukuru, kwa maana umegusa palepale ambapo mimi na ndugu wa Ntinda tulikuwa tunapita pembeni. Kura ya kupangiwa mpinzani ni moyo wa mchezo huu. Bondia wa ridhaa analipwa kidogo au halipwi kabisa, na haki pekee aliyonayo ni kwamba hakuna mkubwa anayemchagulia mpinzani. Haki hiyo ikiuzwa pamoja na matangazo, inakuwa vigumu kueleza kwa nini tuendelee kuwa na chama cha ridhaa mbali na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, ambako kuchaguliana wapinzani ni biashara halali na kila mtu anajua anachosaini.

Ndugu wa Ntinda, nakubaliana nawe kuhusu gharama za usiku mmoja wa ngumi, na nakubali kwamba kujitolea si cheti cha uaminifu. Hata hivyo hoja yako ya Yerevan naisoma kinyume nawe. Wajumbe wale walipiga kura wakiwa wanapokea misaada ya vyama vyao kutoka kwa uongozi ule ule waliotakiwa kuuhukumu, na tatizo hilo halitibiwi kwa kumpa mfadhili kiti kabisa. Mjumbe anayepata glovu, tiketi ya ndege na kambi ya mazoezi kutoka mkono wa mgombea hawezi kuwa huru, hata akiwa mwadilifu kiasi gani. Ndiyo sababu sitaki mgao wa klabu uwe hisani ya rais. Nataka uwe kifungu cha katiba, unaotolewa kwa kila klabu iliyopeleka mabondia kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia, iwe ilimpigia kura mshindi au mshindwa. Kigezo hicho kitaziondoa pia klabu za mfukoni, kwa sababu klabu isiyo na bondia aliyepanda ulingoni haitakuwa na mgao wala kura.

Lingine ni la kugombea. Mtu mwenye kampuni inayoandaa mapambano au inayouza haki za matangazo, aiache kampuni hiyo kabla ya kuchukua fomu, au abaki na kampuni yake na aombe zabuni kama wengine. Sioni ugumu wowote hapo. Anayeupenda mchezo anaweza kuusaidia akiwa upande wowote kati ya hizo mbili, ila asikae pande zote mbili za meza ile ile.

Kuhusu Gulu, Mbale, Arua na kwingineko, napendekeza kwamba mkataba wowote wa runinga utaje kwa majina vituo vya nje ya Kampala na idadi ya mapambano ya kila kituo, na kwamba upangaji wa wapinzani ubaki kwa kura mbele ya makocha. Mdhamini akisema hayo hayamfai, tutajua alikuja kununua nini.

Tangu Machi 2025 tunajua kwamba ngumi zitakuwepo Los Angeles mwaka 2028 chini ya World Boxing, chama kipya kilichopata utambuzi wa muda wa Kamati ya Olimpiki mwezi mmoja kabla, hivyo muda wa kuandaa timu unahesabika. Naomba wachangiaji wanaofuata waseme waziwazi kama vilabu vyao vitavipigia kura vifungu hivi vitatu hata pale mgombea wanayempenda atakapovipinga. Na wewe ndugu wa Ntinda, nitafurahi ukisema ni kipi kati ya hivyo kingekuzuia kuandaa usiku wako unaofuata wa ngumi.

Mchangiaji wa pili, Ntinda

Cha kuacha kampuni kingenizuia kugombea, nami sigombei. Cha kura mbele ya makocha kitanipunguzia watazamaji mwanzoni, kwa sababu siwezi kutangaza pambano ambalo bado halijapangwa. Lakini nikiruhusiwa kupanga kura siku kumi kabla badala ya asubuhi ya kupima uzito, naweza kulitangaza, naye bondia wa Afande atajua mapema kama ana sababu ya kupanda basi. Mkikubali siku hizo kumi, nitalala upande wenu.