Wana wa Bi Mwanakombo: barua ya Faraj

IJUMAA

[21:04] Zuhura: Asalaam aleikum nyote. Barua ya Faraj ya West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, nimeisoma mara tatu. Kabla hamjaanza kupongezana, fungueni ile picha niliyotuma mchana, someni aya ya pili.

[21:05] Salim: MABRUUUK 🎉🎉🎉 Ofisa wetu! Rukia, mwambie yule wa mbuzi pale Kongowea aniwekee wawili

[21:06] Zuhura: Salim, mtoto hajapata nafasi. Hii ni barua ya uhakikisho. Chuo kinasema tunakutaka, na nafasi tutakupa IKIWA utaleta pendekezo la mbunge au seneta, IKIWA afya itapita, IKIWA utafaulu mtihani wa mazoezi, na alama za shule zisiporomoke mwaka huu wa mwisho. Likikosekana moja, barua haimfikishi popote.

[21:08] Salim: Basi mbuzi mmoja

[21:09] Hamisi Virginia: Dada Zuhura kasema kweli, ila msiidharau. Barua hizi wanapewa wachache, tena mapema, wenzao wakisubiri majibu mpaka karibu na masika. Chuo kimeshaamua kinamtaka, yaliyobaki ni kutimiza masharti.

[21:10] Zuhura: Na kuyatimiza ni kazi yetu sote, ndiyo maana nimeandika hapa. Nataka mambo manne. Moja, usaili wa ofisi ya mbunge ni Jumamosi ya wiki ijayo saa tatu asubuhi, nani atampeleka? Mimi niko kazini. Mbili, kadi ya kliniki ya Faraj ya utotoni iko Mombasa. Tatu, habari ya ile inhela, dawa ya kifua ya kuvuta. Nne, pasipoti. Wifi, pasipoti iko wapi?

[21:31] Zuhura: Watu kumi na tisa wamesoma.

[21:34] Salim: Mimi swali langu, kama chuo chenyewe kishamtaka, huyo mbunge wa nini? Si waandikiane wenyewe

[21:36] Zuhura: Sheria yao ndiyo inasema hivyo. West Point haiwezi kumpa mtoto aliye raia nafasi bila pendekezo. Na mbunge halazimishwi na barua hii, hata hajui kama ipo mpaka sisi tumpe nakala. Ofisi yake ina fomu zake, insha zake, barua zake za walimu, na tarehe yake ya mwisho. Watu hukosea hapa: wanapata barua ya chuo, wanalegea, tarehe ya mbunge inapita.

[21:41] Hamisi Virginia: Niwafafanulie. Kila mbunge na kila seneta anaruhusiwa kuwa na wanafunzi 5 kwa wakati mmoja ndani ya chuo, wanaohesabiwa kwake. Mmoja akihitimu, pengo linafunguka, naye anapeleka orodha ya majina ya kuligombania. Wengine wanamtaja wa kwanza kabisa, na huyo akiwa na sifa zote ndiye anayeingia. Wengine wanapeleka majina tu, chuo kichague. Mwenye barua ya uhakikisho faida yake iko hapo: si lazima awe wa kwanza kwenye orodha. Awemo tu. Pengo la mbunge likichukuliwa na mwingine, chuo kitatafuta namna ya kumhesabu Faraj kwingine.

[21:42] Salim: Kama harusi. Kadi ya mwaliko unayo, kiti watakutafutia

[21:42] Hamisi Virginia: Ndivyo. Lakini kadi bado hajaipata.

[21:44] Zuhura: Kwa hiyo anaomba KOTE. Mbunge mmoja, maseneta wawili, na Makamu wa Rais. Kwa Makamu ni fomu tu bila usaili, lakini naye ana nafasi hizo 5 kwa nchi nzima, tusiitegemee. Seneta wa kwanza tumemaliza. Wa pili imebaki barua ya mwalimu wa hisabati, nimemkumbusha Faraj mara mbili.

[21:47] Salim: Hamisi si sajini? Mtoto apite kwa Hamisi

[21:49] Hamisi Virginia: Njia ya Rais ni ya mtoto wa kuzaa au wa kuasili wa mwanajeshi aliyetumikia miaka 8 na zaidi mfululizo. Mpwa hahesabiwi. Kuna na njia ya sekondari zenye mafunzo ya kijeshi ya JROTC, ila shule yake haina.

[21:58] Nassor Muscat: Nilisema tangu mwanzo apitishwe ubalozi wa Kenya. Wageni wanachukuliwa bila mbunge. Hakuna aliyenisikiliza, kama kawaida.

[22:01] Hamisi Virginia: Ami Nassor, ile ni ya raia wa nje anayetumwa na serikali yake, na wote kwa jumla hawazidi 60 chuoni kwa wakati mmoja. Faraj ni raia wa Marekani tangu mamake alipoapishwa. Mlango ule kwake umefungwa.

[22:02] Nassor Muscat: Sawa. Wenye kujua mmejua.

[22:05] Zuhura: Turudi kwenye afya, hapo ndipo pana mashaka. Hamisi eleza ile DoDMERB.

[22:12] Hamisi Virginia: Ni bodi ya wizara ya ulinzi inayopitia afya ya waombaji. Wao hawapimi. Wanampangia daktari wa karibu, vipimo viwili, cha mwili mzima na cha macho. Kabla yake anajaza maswali marefu: umewahi kulazwa, kuvunjika, kupumua kwa shida, kutumia inhela, kipimo cha TB kuvimba. Majibu yao ni ama anafaa, ama hafai, ama leteni karatasi zaidi. Hilo la tatu ndilo linalokula wiki, maana kila karatasi inayokosekana faili linalala.

[22:14] Hamisi Virginia: TB isiwatishe. Faraj alichanjwa BCG, chanjo ya TB, Mombasa, ana kovu mkononi, na kile kipimo cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo tu. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG. Afanye cha damu, awe na majibu mkononi, na kadi ya kliniki ionyeshe tarehe ya chanjo.

[22:15] Zuhura: Rukia, kadi iko kwenye sanduku la Mama la bati, si kabati.

[22:16] Hamisi Virginia: Shida ni inhela. Pumu iliyotajwa BAADA ya kutimiza miaka 13 ni kigezo cha kuzuiwa. Kabla ya hapo, na haikurudi, haina neno. Kwa hiyo nataka vitu viwili: tarehe, na daktari aliandika nini. Inhela moja kwa kikohozi si lazima iwe pumu.

[22:19] Salim: Alipewa ule mwaka wa harusi ya Mwanahamisi. Nakumbuka biriani iliisha saa nane watu wakala mkate wa mofa 😂

[22:20] Zuhura: Tarehe, Salim. Faraj alitimiza 13 tarehe 22 Julai.

[22:22] Salim: Harusi ilikuwa Julai au Agosti. Biriani ndiyo nina uhakika nayo

[22:23] Rukia: Biriani haikuisha, ilifichwa. Tunajua na nani 😂😂

[22:23] Salim: 😂😂😂😂

[22:24] Zuhura: Jamani.

[22:30] Nassor Muscat: Kwani kuna haja gani? Inhela ilitolewa Mombasa, zahanati ya mtaani. Marekani wataijuaje? Aandike hana. Ni karatasi tu.

[22:33] Hamisi Virginia: Hapana, Ami. Pale chini anatia saini. Na daktari wake wa Columbus kwenye faili lake atakuwa ameandika kuwa aliwahi kutumia. Ikigundulika, hata akiwa mwaka wa tatu, anafukuzwa kwa uongo, si kwa pumu. Pumu inaombewa msamaha. Uongo hauombewi.

[22:34] Hamisi Virginia: Na msamaha wa afya hautoki kwa hiyo bodi, unatoka kwa chuo. Bodi ikisema hafai, West Point yenyewe ndiyo inayoamua. Watataka faili la daktari na kipimo cha kupuliza, pengine na kile cha kuvutishwa dawa waone kama kifua kinabana. Mwenye barua ya uhakikisho ombi lake huangaliwa kwa uzito, maana wao ndio waliomtaka.

[22:41] Zuhura: "Ni karatasi tu." Nassor, maneno hayo uliyasema na siku ya kiwanja cha Bamburi.

[22:42] Nassor Muscat: Tusifike huko.

[22:42] Zuhura: Umefika wewe.

[22:44] Nassor Muscat: Kile kiwanja kilisomesha watu, na wengine wako Ohio leo wanatufundisha.

[22:45] Salim: Haya haya. Faraj akapande minazi ya Mama, mtihani wa mazoezi umekwisha

[22:52] Hamisi Virginia: Mazoezi msiyadharau. Ni sita mfululizo: kurusha mpira wa kikapu umepiga magoti, kujivuta kwenye chuma, mbio za kwenda na kurudi, za tumbo, pushapu, halafu maili moja. Anayesimamia ni mwalimu wa michezo au ofisa, mzazi haruhusiwi. Wengi wanaangushwa na ule mpira kwa sababu hawakuujaribu hata siku moja, wengine na maili kwa sababu inakuja mwisho wakati miguu imekwisha. Afanye yote sita kwa mpangilio ule ule nyumbani, mara mbili kwa wiki.

[23:51] Mama Faraj: Nilikuwa nimelala, nimetoka zamu ya usiku. Shukran nyote. Wifi, swali moja tu. Akienda ni miaka mingapi ya jeshi?

[23:55] Hamisi Virginia: Minne ya chuo, halafu 5 ya kutumikia kamili na 3 ya akiba. Ada hailipwi, na posho anapata. Miaka miwili ya mwanzo anaweza kuondoka bila deni. Akianza mwaka wa tatu amefunga mkataba.

[23:56] Mama Faraj: Haya.

[23:58] Zuhura: Pasipoti wifi?

JUMAMOSI

[05:41] Rukia: Bibi ameamka sala ya alfajiri, nimemsomea yote. Anasema niandike hivi hivi asemavyo.

[05:46] Rukia: "Karatasi ya Bamburi mlinificha, nikanyamaza kwa sababu nyote ni wanangu. Hii sinyamazi. Mjukuu wangu aandike alivyoumwa. Akikataliwa arudi kwa mamake, kazi zingine zipo. Nassor, nipigie."

[05:58] Nassor Muscat: Ujumbe huu umefutwa

[06:10] Salim: Shikamoo Mama.

[06:12] Hamisi Virginia: Shikamoo Mama.

[06:12] Zuhura: Shikamoo Mama.

[06:40] Faraj: Shikamooni. Shangazi samahani sikujibu, nilikuwa mazoezini. Inhela ilikuwa baada ya birthday. Nakumbuka kwa sababu keki ilikuwa ya Bibi nikaila yote, halafu tukaenda harusini, na huko ndiko nilikoanza kukohoa.

[06:44] Hamisi Virginia: Basi ni baada ya 13. Ahsante kwa kusema. Usijaze hilo swali leo. Kwanza tupate zahanati waliandika pumu au kikohozi, ili utakachoandika kilingane na karatasi yao. Ukijaza kwa kukisia halafu karatasi ikasema vingine, wataona unababaisha.

[06:45] Hamisi Virginia: Na maombi ya vyuo vingine endelea nayo, pamoja na ufadhili wa ROTC, mafunzo ya uofisa kwenye vyuo vya kawaida. Barua hii isikufungie mlango wowote. Wakati mwingine wanasema nenda kwanza mwaka mmoja shule yao ya matayarisho, ukiambiwa hivyo si kukataliwa.

[06:46] Faraj: Sawa Ami.

[06:50] Zuhura: Jumamosi wakikuuliza kwa nini jeshi, usijibu kwa sababu ya ada. Wanaosaili wengi ni maveterani, watakuuliza pia utafanya nini ukikosa. Nakala ya barua uwape mwanzoni. Na ukipata pendekezo la mbunge, ofisi za maseneta ziambiwe siku hiyo hiyo, wao hupenda kugawana majina. Yote yafike chuoni kabla ya tarehe 31 Januari.

[09:15] Rukia: Kadi nimeipata 🙏 BCG ipo, tarehe inasomeka. Jina wameandika Faraji Omari, yenye i. Zahanati nimepita, anayeshika mafaili yuko Jumatatu.

[09:20] Zuhura: Piga picha pande zote mbili. Hilo la jina tutalieleza, cheti cha kuzaliwa kinasemaje?

[14:37] Mama Faraj: Ndiyo natoka kazini. Pasipoti nimeiona. Imeisha mwezi wa sita.

[14:38] Zuhura: Wifi!

[14:41] Hamisi Virginia: Alichukuliwa pasipoti ana miaka 11, na ya mtoto hudumu miaka 5 tu. Na iliyotolewa kabla ya miaka 16 haihuishwi kwa posta, lazima aende mwenyewe na fomu DS-11, mzazi mmoja awepo, mchukue na cheti chako cha uraia na kadi yake ya kijani ya zamani. Lipieni ya haraka. Msianze kuomba cheti cha uraia chake, kinakula miezi na ada imepita dola elfu moja.

[14:43] Mama Faraj: Off yangu ni Jumamosi ijayo tu.

[14:43] Zuhura: Jumamosi ijayo ndiyo usaili.

[14:50] Salim: Na mbuzi?

[15:22] Zuhura: Nani yuko Columbus Jumamosi ana gari? Khadija? Abdalla? Nawaona mmesoma.

[18:09] Zuhura: Abdalla?