Mtoto wa miezi saba: nimwanzishe kuogelea sasa au nisubiri?

Mama Nuru, Entebbe

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa wazazi wenzangu wa huku Uganda.

Binti yangu ana miezi saba. Tunaishi Entebbe, ziwa tunaliona kutoka barazani, na nyumba tuliyopanga iko kwenye kiwanja kimoja na majirani watatu wenye bwawa la pamoja. Bwawa halina uzio. Juzi jirani kaniambia kuna mwalimu anayepokea watoto tangu miezi minne. Anasema wakianza mapema wanajua kujigeuza chali wenyewe wakitumbukia, na ukichelewa ile silika inapotea. Mume wangu yuko tayari kulipa ada hata kesho. Mama mkwe, ambaye amekulia visiwani Kalangala na kuzika watu waliochukuliwa na ziwa, hataki hata kusikia. Anasema mtoto atapata nimonia.

Mimi shida yangu ni moja tu: mwanangu asizame. Je, kuna umri maalumu wa kuanza? Na chanjo? Za wiki 14 tumemaliza, ya surua tunangoja afikishe miezi tisa. Anaruhusiwa kuingia bwawani?

Muuguzi wa Zamu

Mama Nuru, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Nafanya kazi wodi ya watoto.

Kuhusu chanjo ondoa wasiwasi. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inawaambia wazazi wazi kwamba mtoto anaweza kuingia bwawani kabla ya chanjo au baada. Kinachomzuia ni ugonjwa. Akiwa na homa au anaharisha, abaki nyumbani, na kuhara kukikoma bado ngojeni siku mbili.

Umri ndio wenye maneno. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kwa miaka mingi kilisema mngojee mtoto afike miaka minne. Mwaka 2010 wakalegeza, na mwongozo wao wa 2019 unasema mafunzo kuanzia mwaka mmoja yanaweza kupunguza hatari ya kuzama. Chini ya mwaka mmoja wanasema hakuna ushahidi kwamba mafunzo yanamkinga mtoto. Kuna utafiti wa Marekani wa 2009 ambao watu wa matangazo wanaupenda sana: watoto wa mwaka 1 hadi 4 waliopata mafunzo rasmi, hatari yao ilishuka kwa asilimia 88. Ni kweli, lakini watoto waliochunguzwa walikuwa wachache, hivyo usiichukue namba hiyo kama dhamana. Na hata hao hawakuwa wa miezi minne.

Hiyo silika anayoisema jirani ipo. Mtoto mchanga akiingizwa majini hubana pumzi kidogo bila kufundishwa, na kadiri anavyokua silika hiyo hufifia. Lakini hiyo haimfanyi ajue kuogelea, na haimzuii kumeza maji. Mtoto mdogo akimeza maji mengi, chumvi ya damuni inashuka hadi anaweza kupata degedege. Mwalimu anayemzamisha mtoto wa miezi saba kichwa na yote, tena na tena, mimi nisingempa mwanangu.

Jaja wa Bombo

Mwanangu, msikilize mkweo. Watu wa ziwani wanaogopa maji kwa sababu wanayajua. Na kabla ya bwawa, angalia nyumba yako. Mtoto wa miezi saba kesho anatambaa, keshokutwa anashika ukingo wa beseni na kusimama. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake, akiinamia pipa au ndoo anaingia kichwa chini na hawezi kujitoa. Maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kumuua. Beseni la kufulia limwagwe likishatumika, pipa liwe na kifuniko kizito, bafu lifungwe kwa komeo la juu. Tena mtoto anayezama hapigi kelele. Usiseme utamsikia.

Kuhusu nimonia mimi nakubaliana na mama mkwe, maji ya baridi yanaingia kifuani.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo Jaja. Hayo ya beseni na pipa ningeomba kila mzazi ayasome mara mbili. Kwenye nimonia tu niongeze: inaletwa na vijidudu, maji ya bwawa yenyewe hayaiingizi kifuani. Ila baridi kwa mtoto mchanga ni hatari kwa njia yake, kwa sababu mwili mdogo unapoteza joto haraka sana kuliko wetu. Kwa hiyo hofu ya mama mkwe ina msingi, na Mama Nuru anaweza kumwambia hivyo.

Kocha Luzira

Nafundisha watoto kuogelea, na nasema bila kuficha: mtoto wa miezi saba hafundishwi, anazoeshwa maji. Ukikuta mtu anakuuzia ahadi kwamba mtoto huyo hatazama, ondoka.

Kumzoesha ni jambo zuri na halihitaji ada. Tatizo letu ni joto la maji. Mtoto mdogo anahitaji maji ya nyuzi 32 hivi, na mabwawa yetu mengi hayapashwi moto. Watu wanadhani kwa kuwa tuko ikweta maji yana joto, wanasahau Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku huwa wa baridi. Asubuhi maji yanauma. Nenda baada ya saa sita mchana, ukae upande wenye kivuli.

Ingia wewe kwanza hadi kifuani. Mpokee akiwa anakutazama, mikono yako chini ya kwapa zake, kifua chake karibu na chako, shuka polepole hadi maji yafike mabegani. Mwimbie, ongea naye. Akizoea, mgeuze akitazama mbele, mvute kidogo ili miguu ielee nyuma. Dakika kumi siku ya kwanza zinatosha, na hata akizoea usipitishe nusu saa. Tazama midomo: ikianza kuwa ya buluu au kidevu kikitetemeka, toka hapo hapo, taulo liwe ukingoni. Akilia toka, mtoto aliyelazimishwa hurudi na hofu.

Kagua maji pia. Lazima uone sakafu ya bwawa vizuri hata upande wenye kina. Harufu kali inayochoma macho watu huifurahia wakidhani klorini ni nyingi na maji ni safi. Kumbe inatokea klorini ikichanganyika na mkojo na jasho.

Baba Pacha, Jinja

Niongeze moja kwa kuwa umesema ziwa liko karibu. Ukikosa bwawa lenye maji ya vuguvugu usije ukasema basi tumchezeshe ufukweni. Ziwa Victoria lina kichocho. Konokono wanaoubeba wanakaa hapo hapo kwenye majani ya kingoni, ambapo maji ni ya kina kifupi na mtoto ndipo angekaa. Vijidudu vinapenya ngozi, hahitaji hata kumeza. Huku Jinja tunawaona watoto wa wavuvi wenye matumbo yaliyovimba na hawajafika hata umri wa kwenda shule.

Na hilo bwawa lisilo na uzio ndilo lingeninyima usingizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa chini ya miaka mitano. Kwa umri huo wanachosisitiza ni vizuizi na uangalizi, mafunzo ya kuogelea wanayaweka zaidi kwa watoto wa miaka sita na kuendelea. Ile pesa ya ada wekeni kwenye uzio: pande zote nne, geti linalojifunga lenyewe, komeo juu asikofikia. Ukuta wa nyumba usihesabiwe kama upande wa nne, maana mlango wa jikoni utaachwa wazi siku moja.

Mama Nuru, Entebbe

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mume wangu naye amesoma. Tumekubaliana mafunzo ya ada yasubiri hadi apite mwaka mmoja, kwa sasa nitaingia naye mimi mchana, na usiku huu tunaenda kuongea na mwenye nyumba kuhusu uzio. Majirani wawili wameshasema watachangia. Mama mkwe nimemsomea maneno ya Jaja, amefurahi.

Bado mawili. Yale maboya ya kuvaa mikononi yanafaa? Na Mungu aepushe, likitokea tufanye nini? Yaya wetu anasema kwao mtoto hushikwa miguu juu kichwa chini ili maji yatoke.

Kocha Luzira

Maboya ya hewa ni ya kuchezea, yanachomoka na yanatoboka. Yanampa mzazi ujasiri wa kugeuka kujibu simu, na hapo ndipo ajali hutokea. Akiwa majini mkono wako umfikie wakati wote. Mkiwa watu wengi bwawani, chagueni mmoja wa kumtazama na ajue ni yeye.

Muuguzi wa Zamu

Mwambie yaya asimning'inize. Muda unapotea na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mtoto aliyezama anakosa hewa, kwa hiyo kama hapumui pumzi ndizo zinaanza: mlaze chali mahali pagumu, kichwa kisiinamishwe mbele wala kuvutwa sana nyuma, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, puliza taratibu hadi uone kifua kinapanda. Ndipo uendelee na kubonyeza katikati ya kifua kwa vidole gumba viwili, mikono ikiwa imekizunguka kifua chake, ukirudia pumzi, huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka apelekwe hospitali.

Lakini hili halijifunzwi kwa kusoma. Msalaba Mwekundu wa Uganda hufundisha huduma ya kwanza. Nendeni wewe, baba Nuru, na huyo yaya, maana ndiye anayeshinda na mtoto mchana kutwa.