Ushauri: Mwimbaji wa taarab asilia kahamia kwenye kinanda. Kimeharibika nini, na mpenzi afanyeje?

Msikilizaji_Unguja (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Kuna mwimbaji wa kike niliyekuwa namfuata tangu akiimba asilia: fidla nne, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa), udi, akodiani, dumbak (ngoma ndogo). Sasa katoa nyimbo tatu mfululizo za kinanda, gitaa na mdundo wa kuchezeka. Sauti ni ileile lakini kuna kitu kimeondoka, na kitu hicho sijui kinaitwaje. Nikilalamika naambiwa nimezeeka. Naomba kujua kilichoondoka ni nini hasa, na kama kuna la kufanya zaidi ya kununa. Pia kaseti zake za zamani nizihifadhije?

FidlaYaPili
Mkuu, kinaitwa robo toni, yaani noti inayokaa katikati ya vitufe viwili jirani vya kinanda. Chukua maqam (skeli ya muziki wa Kiarabu) ya Rast inayoanzia Do. Mi yake na Si yake hazimo kwenye kitufe chochote cha kinanda. Mi hiyo iko kama senti 350 juu ya Do (senti ni kipimo cha noti: kitufe hadi kitufe cha jirani ni 100), na kinanda kina 300 au 400 tu. Mwenye fidla anaipata kwa kidole, mwenye udi vilevile kwa kuwa shingo ya udi ni laini haina vigawanyo, na kanuni ina vijiwenzo vya chuma pembeni vya kupandisha na kushusha noti. Kinanda kikishika Mi ya kawaida, mwimbaji ama agombane nacho ama akifuate. Wengi hukifuata, na Rast inageuka meja tupu.

Kisha inakuja studio. Programu ya kunyoosha sauti ikiachwa kwenye noti zake 12, kila anapoigusa Mi ile inamvuta juu au chini. Ndiyo maana unasikia sauti iliyopigwa pasi.

Ila usikitupie kinanda lawama zote. Maqam za Nahawand na Ajam hazina robo toni, na Hijaz kwa sehemu kubwa inakaa vizuri tu. Zisikilize tena nyimbo zake tatu. Nadhani kuna moja haikukuudhi sana.

Msikilizaji_Unguja
Kweli, ule wa pili ni afadhali! Hizo nyingine zina dawa?

FidlaYaPili
Zina. Vinanda vingi vya Yamaha na Korg vina menyu ya kurekebisha skeli: Mi na Si zinashushwa senti 50, basi. Kosa huja wimbo ukihama. Mwimbaji koo limekauka au limefunguka, anaomba waanzie Re, mpiga kinanda anahamisha mkono na menyu anaisahau. Kwenye Re zinazoshushwa ni Fa diezi na Do diezi (diezi ni noti iliyopandishwa kitufe kimoja). Mi na Si zinarudi kawaida. Asiporekebisha, utasikia noti mbili mbovu ukumbi mzima.

Kwenye programu ya sauti, noti hizo ziamriwe zirukwe, zisiguswe. Kuzifuta kwenye orodha ni jambo jingine kabisa: ukizifuta, sauti inavutwa kwenye noti ya jirani na hali inazidi kuwa mbaya. Mwandikie prodyuza wake hayo mawili. "Rudini asilia" haimsaidii kitu.

Bi_Ng'ambo
Kaka yangu, kwa heshima: harusi ya mwisho kwenu mlikodi kundi gani? Kundi kamili la asilia pamoja na waitikiaji linaweza kufika watu 20, na wote wanataka usafiri, chakula na malipo. La kinanda watu sita na spika. Tena kwenye asilia watu wanakaa vitini mpaka ubeti uwaguse ndipo wanyanyuke kutunza. Rusha roho wako uwanjani tangu wimbo wa kwanza, na pesa za kutunza zinamiminika. Mwimbaji haoni?

Wala si mageuzi ya kwanza haya. Taarab ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Siti binti Saad akaiimba Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi na kampuni ya santuri ya HMV. Sidhani kama barazani wote walifurahi.

Ukitaka asilia, iagize. Udi, kanuni, fidla moja, dumbak na rika (tari ndogo): watu watano wanatosha. Wape taarifa mapema, taja nyimbo kwa majina, sema wazi kinanda hukitaki. Chuo cha muziki cha DCMA pale Mji Mkongwe wanafundisha vyombo hivyo, anzia hapo kuulizia wapigaji. Fidla na kanuni ziwe na maikrofoni, dumbak iachwe bila, la sivyo itazifunika. Wageni wakitaka kucheza, ongeza kundi la kidumbak: fidla, sanduku (besi ya kamba moja), vidumbak viwili, cherewa (kayamba za kutikisa) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha).

Mtunza_Kaseti
Nami nijibu la kaseti. Kwanza ipeleke mbele mpaka mwisho, uirudishe, ndipo uipige. Utepe uliokaa miaka huwa umegandana. Kichwa cha deki kisafishe kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi na kijiti cha pamba, kila baada ya kaseti mbili tatu. Sauti ikiwa nzito kama iko chini ya blanketi, zungusha taratibu skrubu ndogo kando ya kichwa mpaka kanuni ing'ae, kisha acha. Rekodi WAV, biti 24, kHz 48, kilele kisivuke −6 dB. Mchakato wa kuondoa mvumo ufanye kwenye nakala, faili la asili usiliguse.

Msikilizaji_Unguja
Ahsanteni sana. Nyingi ni C-90 (za dakika 90), kuna tofauti?

Mtunza_Kaseti
Ipo. Utepe wake ni mwembamba kuliko wa C-60, hunaswa na kukatika upesi. Usizisimamishe na kuzirudisha katikati. Piga upande mzima kwa mkupuo, kata nyimbo baadaye kwenye kompyuta. Na Dolby (kitufe cha deki cha kupunguza mvumo) izime kama jalada halina alama yake.