Dodoso la bega (SPADI) kwa Kiarabu: tafsiri rejeshi imefanana, je, inatosha?

Mtafsiri_Tiba
Wakuu, habari za kazi. SPADI ina maswali 13: matano ya maumivu, manane ya shughuli, kila moja 0 hadi 10. Tafsiri ya Kiarabu sanifu iko tayari, na iliporudishwa Kiingereza imefanana na ya awali karibu neno kwa neno. Tuanze kuwapa wagonjwa? Na lile swali la kutoa kitu mfuko wa nyuma, mvaa kanzu atalijibuje?

Bega_na_Kiwiko
Bado, mkuu. Kufanana kupita kiasi huwa ni dalili kwamba mtafsiri alifuata maneno akaacha maana. Kwanza angalia matoleo ya Kiarabu yaliyokwisha kuchapishwa; SPADI na DASH (dodoso la mkono mzima, bega hadi kiganja) zote zinayo, pengine umebakiwa na marekebisho tu. Kama unaanza upya: watafsiri wawili, mmoja asijue dodoso linapima nini, wawili wengine wa kurudisha, ambao hawajaona asili, kamati, halafu wagonjwa 30 hadi 40, ukimuuliza kila mmoja alielewaje kila swali. Hapo ndipo makosa hujitokeza.

Kuhusu mfuko: kinachopimwa ni mkono kufika nyuma ya kiuno, bega likizungukia ndani. Mifuko ya kanzu iko ubavuni, kwa hiyo mgonjwa anaandika 0 kwa mwendo usiomuuma. Weka "kuchomekea nguo kiunoni kwa nyuma". Takbira inavutia kuiweka, lakini huinua mkono juu, mwendo mwingine kabisa, na alama zako hazitalinganishwa tena na za wengine.

Karani_wa_Data
Msisahau karatasi yenyewe. 0 na "hakuna maumivu" vikae kulia. Ukigeuza maneno ukaacha namba zilivyokuwa, anayeumia sana atazungushia 0.

Tarakimu nazo ni mtego: ٥ ni tano, ila karani asiyezizoea anaingiza sifuri. Sifuri halisi ni nukta, ٠. Nchi za Maghrib (Moroko, Algeria, Tunisia) hutumia 0–9 za kawaida, kwa hiyo chagua mfumo kulingana na wagonjwa wako.

Halafu jinsia: تستطيع ni kwa mwanamume, تستطيعين kwa mwanamke. Tumia jina la tendo, mfano ارتداء القميص, "uvaaji wa shati", upone. Na يد, kama "mkono" wetu, mtaani inaweza kuwa kiganja au mkono mzima. Taja bega waziwazi.

Mtafsiri_Tiba
Shukrani. Na akisema swali halimhusu?

Bega_na_Kiwiko
Usimpe 0. Liondoe kwenye kigawanyo: jumla ya alama za shughuli saba igawanywe kwa 70 badala ya 80, zidisha kwa 100, kisha tafuta wastani na asilimia ya maumivu. Wengi wakiliacha swali lilelile, rudisha kwa kamati. Kipimo cha kurudia (kujaza dodoso lilelile mara ya pili) kifanyike baada ya wiki moja au mbili, kwa wagonjwa ambao hali haijabadilika. Walioanza mazoezi ya tiba katikati wanaweza kukushushia ICC (kipimo cha jinsi majibu ya mara mbili yanavyolingana) chini ya kiwango cha 0.70 bila dodoso kuwa na kosa.