Wauzaji wa samaki wa mapambo, acheni kutuuzia maua ya barazani mkiyaita mimea ya majini!

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira, kwa hiyo anayetaka kuja kuandika "samaki tu hao, tujadili mambo ya maana" naomba apite. Nasema na wanaouza matangi ya samaki wa mapambo hapa Dar, wenye fremu na wale wanaorusha picha mtandaoni kisha wanakutumia mzigo kwa bodaboda. Jina la duka sitaji, kwa sababu tatizo si la duka moja. Kila nilipoingia nimekutana na kauli zilezile.

Juzi jirani yangu kaniita nikamwangalizie tangi lake. Sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54 likijaa mpaka ukingoni. Muuzaji alilileta asubuhi, akalijaza maji ya bomba, akapanda "mimea hai ya majini", akamwaga samaki saa hiyohiyo, akahesabu hela zake akaondoka. Samaki wa dhahabu, oska, "papa" wawili na yule wa kunyonya kioo, wote humohumo. Nilipofika maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, samaki wawili wameshakufa, waliobaki wanahema juu ya maji midomo wazi, na watoto wanalia. Mama wa watu akampigia muuzaji simu mbele yangu. Jibu lake: "Utakuwa umewalisha sana dada, njoo uchukue wengine nitakupunguzia bei."

Hapo ndipo nilipochemka.

Nianze na mimea, maana ndiyo inayoniuma zaidi. Ndani ya lile tangi kulikuwa na vijiti vya mianzi ya bahati, ambayo wala si mianzi, ni drasena (Dracaena sanderiana). Kulikuwa pia na yale majani membamba yenye mstari mweupe yanayoning'inia kwenye vyungu vya barazani kwa kila mtu. Na mmea mmoja wa majani ya zambarau yaliyokunjamana ambao nimeuona bustanini mara nyingi. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaoishi chini ya maji! Drasena utaiweka mizizi kwenye glasi ya maji na itastawi miaka, lakini majani yake lazima yawe hewani. Ukiizamisha yote, umeizika.

Sababu si siri. Jani la nchi kavu limepakwa nta ili lisikauke, na linavuta kaboni dioksidi kutoka hewani kupitia vitundu vidogo. Ndani ya maji gesi hiyo inasafiri polepole mno, karibu mara 10,000 kuliko hewani, kwa hiyo jani lenye nta linakosa chakula. Mmea halisi wa majini una majani membamba, laini, ambayo hunyonya gesi na virutubisho kwa uso mzima wa jani. Sasa ujanja wa biashara uko hapa: drasena haifi siku ya kwanza. Inakaa wiki kadhaa ikiwa ya kijani, inalainika kutoka chini, halafu shina linageuka uji. Kufikia hapo mnunuzi amesharudi nyumbani zamani na anaamini yeye ndiye hana mkono wa kuotesha. Muuzaji anajua. Anajua, kwa sababu yeye mwenyewe dukani anaiweka kwenye ndoo ikiwa imesimama, majani nje.

Na mmea ukioza ndani ya tangi hauozi peke yake. Unatoa amonia. Samaki naye anatoa amonia, kwenye matamvua yake hasa, na chakula kilichobaki kinatoa amonia. Mmea hai wa majini ungeila hiyo amonia, ndiyo faida yake kubwa kuliko urembo wote. Kwa hiyo mtu ametoa pesa kununua kitu cha kusafisha maji akauziwa kitu cha kuyachafua. Mnaelewa kwa nini nina hasira?

Tuje kwenye kumwaga samaki siku moja na tangi. Tangi jipya halina bakteria. Wapo bakteria wa jamii ya Nitrosomonas wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine, Nitrospira, wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki wanaivumilia vizuri zaidi. Hawa wanakaa kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na kwenye mawe, na wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Kabla ya hapo samaki anaogelea kwenye mkojo wake mwenyewe. Amonia inaunguza matamvua, nitriti inaharibu damu isibebe oksijeni, ndiyo maana unawaona wanapanda juu kuhema hata pampu ya hewa ikiwa inatoa mapovu tele. Na kwetu hapa ni hatari zaidi, kwa sababu maji ni ya joto na ya visima vingi ni magumu. pH ndiyo kipimo cha uasidi wa maji, na maji magumu kwa kawaida huwa na pH ya juu. Kwa nyuzi 28, maji ya pH 8 yana sehemu ya amonia kali karibu mara 9 ya maji ya pH 7, ingawa jumla ya amonia ni ileile. Kipimo cha amonia ukiulizia dukani wanakushangaa.

Wiki 6 ni nyingi kwa mtu mwenye watoto wanaosubiri, naelewa. Lakini muuzaji ana dawa ya hilo na haimgharimu hata shilingi. Ana matangi yaliyokaa miaka dukani. Akikata kipande cha sponji chafu kutoka filta ya tangi lenye samaki wazima, akakukabidhi kwenye mfuko wenye maji, umeokoa wiki kadhaa. Kipande cha sponji chafu tu! Sijawahi kuona anayempa mteja. Kinachotolewa ni kadi ya namba ya simu, kwa ajili ya samaki wa mara ya pili.

Halafu ushauri wao. "Kila wiki toa maji yote, osha mawe, osha filta kwa maji ya bomba, rudisha." Kuna aliyemwambia mteja mbele yangu asuuze mawe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe. Maji ya bomba yana klorini, imewekwa makusudi kuua vijidudu, kwa hiyo kila Jumamosi mteja anaua bakteria wote aliowalea wiki nzima na kuanza upya. Kinachotakiwa ni kubadili sehemu, robo hivi, maji yaliyolala kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke au yaliyotiwa dawa ya kuiondoa, na sponji isuuzwe ndani ya maji yaleyale ya tangi uliyoyatoa. Ni rahisi kuliko huo ushauri wao, na samaki hawafi. Samaki wasipokufa duka halirudiwi.

Samaki akiumwa unauziwa dawa ya bluu. Mapezi yameoza, dawa ya bluu. Madoa meupe, dawa ya bluu. Anahema, dawa ya bluu. Hiyo ni methilini bluu, ina kazi yake kwenye ndoo ya karantini na kwenye mayai ya samaki. Ukiimwaga kwenye tangi zima inawadhuru bakteria wa filta, mimea inadhoofika, na gundi ya kwenye pembe za kioo inabaki na rangi ya bluu moja kwa moja. Samaki anayehema kwa amonia unamtibu kwa kitu kinachoongeza amonia. Huo ni ukatili.

Na "papa". Wakuu, huyo si papa. Ni jamaa ya kambale kutoka mto Mekong kule Asia, Pangasianodon hypophthalmus, yuleyule anayefugwa Vietnam kwa ajili ya nyama na kuuzwa duniani kwa jina la pangasi. Akikua anapita mita moja. Mnamuuza akiwa na urefu wa kidole, kwa ajili ya tangi la sentimita 60, kwa mtoto wa darasa la pili! Oska anafika sentimita 30. Yule wa kunyonya kioo mnayemwita msafishaji anafika 40 na hali kinyesi cha wenzake, anaongeza chake, na ni kingi. Ukiuliza wakikua itakuwaje, jibu nililopewa kwa masikio yangu ni "utawamwaga tu mtoni."

Hili la kumwaga mtoni lisipite kimya. Magugu maji yaliyoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalisambazwa duniani kwa sababu maua yake ni mazuri na watu waliyataka kwenye mabwawa yao. Wavuvi wa Mwanza na Kisumu wanajua gharama yake. Hao wanyonya kioo nao wametapakaa Florida na Mexico, wanachimba mashimo kwenye kingo za mito. Na bado nimeyakuta magugu maji kwenye beseni la muuzaji mmoja, yanauzwa kwa shina, bila hata neno moja la tahadhari.

Sitakaa sana kwenye hita mnazowauzia watu wa Dar, ambako maji ya tangi yanashinda kwenye nyuzi 27 hadi 30 bila msaada wa mtu. Mtu wa Njombe, Mbeya au Arusha anaihitaji. Wa Mbagala mnamwibia. Taa za zambarau na bluu nazo vivyo hivyo: mmea unataka taa nyeupe, saa 6 hadi 8 kwa siku, basi.

Kinachoniumiza kuliko yote ni kwamba nchi hii haina uhaba wa mimea halisi ya majini. Valisneria inaota yenyewe Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Ceratophyllum, ule mmea usio na mizizi wenye majani kama sindano, upo kwenye maziwa na mabwawa yetu, hauhitaji mbolea wala taa ya bei, unanyonya amonia kwa kasi, na kipande kimoja kinajaza tangi. Anubiasi ni ya Afrika Magharibi, ngumu kufa, ilimradi usizike lile shina lake nene mchangani. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha mti. Hata anubiasi halisi nimekuta muuzaji anaizika mpaka shingoni. Na zile kriptokorini za Sri Lanka, ambazo mashambani hukuzwa majani yakiwa hewani, hudondosha majani zikiingia majini kisha hutoa mapya baada ya wiki chache. Asiyeambiwa anazitupa, anarudi kununua tena. Nani wa kumwambia kama si aliyepokea hela yake?

Samaki vivyo hivyo. Wafugaji wa Ujerumani wanatamka Kigoma, Ikola na Kipili kila siku, maana ndiyo majina ya aina za samaki wa Tanganyika walizonazo sebuleni. Maji ya ziwa lile ni magumu, pH inakaribia 9, yaani maji yetu ya visima, yale yasiyozidi chumvi, yanawafaa kuliko yanavyowafaa samaki wa Amazoni tunaouziwa. Wapo wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, sentimita 4 au 5 tu, tangi la lita 54 linawatosha familia nzima. Unguja ndiko asili ya Nothobranchius guentheri, samaki wa rangi ambazo hata beta, yule samaki mpiganaji wa mapezi marefu, hamfikii, wa madimbwi ya msimu: dimbwi linakauka, mayai yanasubiri kwenye tope mpaka mvua irudi. Watoto wa Ulaya wanaangua mayai hayo mezani kwao. Watoto wetu wanauziwa kambale wa Mekong kwa jina la papa.

Msije kuniambia mtaji. Kuweka karatasi ukutani inayosema samaki huyu atafika ukubwa gani hakuhitaji mtaji. Kumwambia mteja "chukua tangi na mimea leo, samaki rudi mwezi ujao, na hii sponji kaiweke kwenye filta yako" hakuhitaji mtaji. Mteja wa namna hiyo atakaa kwenye ufugaji miaka kumi, atanunua chakula, taa, tangi la pili. Mnayemfukuza kwa samaki waliokufa anaweka tangi stoo na kuwatangazia ndugu wote kwamba samaki ni hasara.

Wadau mnaofuga kwa dhati, wekeni humu mkoa mlipo na mimea mnayoweza kugawa au kuuza, tuanze kubadilishana vipandikizi wenyewe. Nina valisneria na anubiasi, aliye Dar aje PM nampa bure.

Na wewe muuzaji uliyemo humu unasoma kimyakimya: hiyo drasena unayoiuza kama mmea wa majini, umewahi kuikuza wewe mwenyewe, imezama yote, kwa miezi mitatu? Weka picha hapa chini. Kama huna, leo hii itoe kwenye beseni uiandikie bei ya ua la chungu.