Utani ukisemwa unachekesha, ukiandikwa unaleta ugomvi: kasoro iko wapi?

nukta_mkato
Wakuu, naomba msaada wa wanaoujua utani wa maandishi. Chukueni mfano huu. Kwenye grupu la watu kumi na tano, mmoja anaandika: "Nachelewa dakika kumi." Mwingine anajibu: "Hongera, leo umewahi." Ana kwa ana wote wangecheka, mchelewaji akiwa wa kwanza. Kwenye grupu kinafuata kimya, kisha "Sawa." yenye nukta. Maneno ni yaleyale. Imekosekana emoji, au sentensi yenyewe ni mbovu? Na utani ukishaharibika, unarekebishwaje?

mpima_sauti
Mkuu, mbovu ni sentensi. Kiswahili kinabebwa na sauti kuliko tunavyodhani. "Umefika" ya kutoa taarifa na "Umefika?" ya kuuliza ni neno lilelile, mdomoni zinatofautishwa na namna sauti inavyopanda tu. "Hongera" nayo ni hivyo hivyo. Ukiivuta, "hongeeera", ni utani. Ukiitamka kawaida, ni pongezi. Ukiiandika, msomaji anaitia sauti ya hali aliyo nayo wakati huo, na anayechelewa tayari roho iko juu, kwa hiyo anasikia lawama.

Mwandishi haoni tatizo kwa sababu sauti yake anaisikia kichwani. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti kuhusu kejeli katika barua pepe. Waandishi walitarajia wasomaji wangepambanua kejeli na maneno ya kweli kwa takriban asilimia 78. Wasomaji walipatia kwa takriban asilimia 56 tu, na kumbuka anayebahatisha tu hupata 50.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha shabaha kutoka kwa mtu kwenda kwenye kitu. "Dakika kumi za saa au zako?" Hapo kinachotaniwa ni hesabu ya dakika, na neno lenye kicheko, "zako", limekaa mwisho kabisa. Geuza iwe "Dakika kumi zako au za saa?" uone inavyopoa: kicheko kimeshatoka na sentensi bado inaendelea. Ukiongeza "maana wewe kuchelewa ni kawaida yako", tayari umefungua kesi.

Dawa ya pili ni chumvi nyingi. "Usijali, kiti chako tumekikodisha hadi Jumatano." Hilo haliaminiki, kwa hiyo haliumizi. Chumvi kidogo ndiyo yenye hatari: "Tumekungoja saa nzima" inawezekana ikawa kweli, basi itasomwa kama kweli.

eti_jamani
Naongezea maneno madogo, maana ndiyo yanayofanya kazi ya sauti. "Eti dakika kumi jamani!" "Eti" inaonyesha huyaamini sana unayoyarudia, na "jamani" inawaita wote waje wacheke, mtu asijione amebanwa peke yake. Lakini usiweke "eti" mbele ya habari ya ugonjwa au msiba wa mtu hata siku moja. Hapo umemwita mwongo.

Angalia na "wewe". "Umechelewa" tayari ina u- ya anayeambiwa, haihitaji zaidi. "Wewe umechelewa" ni kidole machoni. Udogo nao una hila: "kasimu kako" kwa sauti ya upole ni mapenzi, kwa maandishi dharau ndiyo inayosikika kwanza. Kwa mtu usiyemzoea, andika "simu yako" tu.

bi_nukuu
Kuhusu emoji: alama ya :-) ilipendekezwa na Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon tarehe 19 Septemba 1982, kwa shida hiihii ya mizaha kutotambulika kwenye maandishi. Kwa hiyo ina kazi yake, ila emoji si sabuni. "Umenenepa 😂" ni tusi linalojichekea. Kipimo changu ni kuifuta emoji na kuisoma sentensi tupu: ikibaki tusi, usitume. Ikibaki na utata tu, rudisha emoji, moja, mwishoni. Tano mfululizo zinasomeka kama kumcheka mtu, na kumcheka mtu si sawa na kucheka naye.

Kosa jingine ni kutojibu juu ya ujumbe wenyewe. Ukiandika "Hongera" wakati katikati zimeshaingia jumbe saba, mojawapo ya mtu anayelalamika, utani wako unamwangukia huyo. Vuta ujumbe unaoujibu ndipo uandike.

kauli_nyepesi
Kwenye maoni mepesi, kanuni ninayoiamini ni jambo dogo, hukumu kubwa. "Ujumbe wa sauti wa dakika nne ni hotuba, uanze na itifaki." Watu watabisha kwa raha. Siku utakayoandika "watu wanaotuma sauti ndefu hawana adabu", wanne kati yao wako humohumo ndani na hakuna atakayecheka.

nukta_mkato
Asanteni sana, hiyo ya "zako" mwishoni imenifungua macho. Imebaki ile "Sawa." yenye nukta niliyojibiwa mimi. Niifute ile "Hongera" yangu?

bi_nukuu
Ukifuta, alama ya kufutwa inabaki na kila mmoja anaanza kuuliza kulikuwa na nini. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, lakini hiyo tumia kwa herufi zilizokosewa. Ukibadilisha utani wakati watu wameshajibu, majibu yao yanabaki yananing'inia.

Usiandike "nilikuwa natania tu, mbona unakasirika?" Unamrudishia mzigo aliyeumia. Mfuate pembeni: "Ile ya kuwahi nilikusudia mzaha, imetoka kama lawama. Samahani." Sentensi mbili, bila 😂. Kisha kwenye grupu rudi kwenye shughuli yenyewe, na mpe nafasi: "Basi tunaanza na hoja ya pili, ya kwanza tutakungoja."