Mgambo tunakesha lindoni, ikifika ada ya chuo hatujulikani

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Leo nina hasira na sitaificha.

Mimi ni mgambo, huu mwaka wa 5. Kwata nilipiga miezi minne kwenye baridi ya Uporoto, sare na buti nilinunua mwenyewe, chakula nilibeba cha nyumbani. Tangu hapo nikiitwa naenda: doria za usiku kijijini, mnadani, hata kulinda kituo cha kura mvua ikininyeshea mpaka alfajiri.

Mwaka jana nikapata nafasi chuo cha kilimo, ngazi ya cheti. Ada ilifutwa mpaka kidato cha sita mwaka 2022, ila chuo unajilipia. Nikaenda ofisini wilayani kuomba japo barua, ili chuo kinikubalie nilipe kidogokidogo. Yule bwana hata uso hakuinua. "Kijana, mgambo ni kujitolea, habari za ada hazituhusu." Nikatoka na bahasha yangu ya kaki. Mama akauza viazi magunia 9, na mbegu ya msimu huu ikiwa humo humo. Mbegu, wakuu!

Basi nikaanza masomo. Wiki ya mtihani simu ikaingia: ripoti kwenye kata, zamu siku tatu. Nikaenda, maana usipokwenda unaandikwa mtoro. Narudi, mwalimu ananiambia nimepata sifuri, nilete uthibitisho. Niutoe wapi? Utoro wetu una pa kuandikwa, lakini hakuna daftari linaloonyesha kwamba fulani alikesha lindoni tarehe fulani. Miaka yote hiyo haijanipa hata karatasi moja.

Marekani askari wa akiba, wale wa zoezi wikiendi moja kwa mwezi, akisaini miaka 6 anaweza kupata posho ya masomo mpaka miezi 36. Najua hatuna fedha za namna ile, wala siziombi. Naomba daftari la zamu lenye muhuri, na siku tulizolinda zihesabiwe kwenye ada, hata kama ni robo yake. Na anayetuita wakati wa mtihani aandike barua kwa mkuu wa chuo, basi.

Sapu yangu, yaani mtihani wa marudio, ni mwezi ujao na ina malipo yake. Wenzangu mgambo wa Iringa, Njombe na Songwe, kwenu ikoje? Kuna aliyewahi kuandikiwa hiyo barua?